Rehani Isiyokombolewa

Mpwa wangu alikuja nyumbani Msambweni jioni moja akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Nilikuwa barazani na jirani yangu, tukingoja adhana ya magharibi. Akaniamkia, akaketi ukingoni, akasema, "Mjomba, nisomee hii. Ajenti anaitaka Ukunda kesho asubuhi, iwe imetiwa sahihi."

Ulikuwa mkataba wa kazi za ndani Saudia, kurasa sita, nusu Kiarabu na nusu Kiingereza. Stima ilikuwa imepotea, kwa hiyo niliusoma kwa tochi ya simu. Ukurasa wa nne ulisema kwamba mfanyakazi akiacha kazi kabla ya miaka miwili kwisha atarudisha gharama zote alizotumiwa. Gharama hizo ni kiasi gani, hakukuandikwa. Nikamuuliza pasi yake iko wapi.

"Anayo ajenti, Mjomba. Ilipotoka tu aliichukua, akasema tusije tukaipoteza."

Nilisikia kitu kikinigusa kifuani, lakini nikanyamaza. Adhana ilikuwa imeanza. Tena nilijua kwamba dada yangu alikuwa ameshaweka minazi yake rehani kwa mkopeshaji wa Ukunda ili apate pesa za pasi, vipimo vya hospitali na nauli za kwenda na kurudi Nairobi. Wanawali wanne wa mtaa wetu walikuwa wametangulia huko, na nyumba mbili kati ya zao zilikuwa zimeezekwa mabati mapya. Nikamrudishia karatasi zake, nikamwambia, "Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie."

Naandika haya kwa sababu mimi, kati ya watu wote, sikuwa na udhuru. Nimefundisha miaka mingi, na karibu kila mwaka niliwapeleka wanafunzi Shimoni kuona pango la watumwa. Nilikuwa nikiwasimulia habari za watoto waliowekwa rehani hadi wenye macho mepesi wakalia. Kisha rehani ikaja kukaa barazani kwangu, nami sikuitambua.

Mwenye kufika Shimoni anajua jinsi pango linavyomtisha mtu. Unateremka ngazi, ubaridi unakupokea, popo wanakupita juu ya kichwa, maji yanadondoka. Vijana wa kijiji wanaotembeza wageni hukuonyesha vyuma vilivyokita kwenye jiwe, na kukueleza walivyosimuliwa na wazee wao: kwamba hapa watu walifungwa wakingoja jahazi. Wageni wote hupiga picha vile vyuma. Hata wanafunzi wangu, nilipowauliza darasani utumwa ni nini, walichora mnyororo.

Mnyororo ulikuwepo, sikatai. Lakini watoto wengi wa Kidigo na Kiduruma waliovushwa Pemba hawakufungwa mnyororo hata siku moja. Walitoka kijijini asubuhi wakitembea kwa miguu yao, wameshikwa mkono na jamaa yao. Na mara nyingi jamaa huyo alikuwa mjomba.

Kwa Wadigo wa zamani mtoto alihesabiwa upande wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya wapwa zake, na ndiye waliyemrithi. Likija deni, au fidia, au njaa, ukoo ulimtazama yeye. Naye aliweza kumtoa mpwa akakaa kwa mtu wa mjini, Vanga, Wasini, Gasi au Mombasa, awe dhamana ya nafaka iliyokopwa. Mtoto angefanya kazi katika nyumba ile, angekula humo na kulala humo. Mvua zikinyesha na mavuno yakipatikana, jamaa zake wangerudi na kilicho sawa na deni, wakamkomboa.

Tusiwacheke. Rehani ilikuwa na sheria zake na watu waliziheshimu. Kati ya watu wa mashamba ya bara na watu wa miji ya pwani palikuwa na utani, ndoa, biashara ya pembe, sandarusi na mtama, na wengine walikuwa wamechanjiana udugu. Kwa vizazi kadhaa watoto walikwenda na wakarudi. Hakuna aliyesema anauza mtu, na pengine kweli hakuna aliyekuwa akiuza. Mzazi wa leo anayempeleka binti yake akaishi kwa shangazi mjini, asome huku akisaidia kazi, anafanya jambo lisilo mbali sana na lile.

Kilichobadilika kilianzia mbali, na waliokuwa wakilima Kinango na Lunga Lunga hawakukiona kikija. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kung'oa mikarafuu mingi. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ikapanda, kila mwenye ardhi Pemba akataka kupanda, na karafuu ni zao la mikono: kupalilia, kupanda juu ya mti, kuchuma, kuchambua, kuanika. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia watu wasisafirishwe baharini. Mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Maamuzi hayo yalikuwa mema. Lakini njaa ya kazi ya Pemba haikufungwa kwa mkataba. Watu wa mbali walipokuwa adimu, bei ya mtu wa karibu ilipanda.

Na karibu ndiko kwetu. Kutoka Shimoni hadi ncha ya kaskazini ya Pemba hazifiki kilomita 50. Ni safari ya usiku mmoja kwa jahazi, upepo ukiwa mzuri, na manowari za Waingereza hazikuweza kulinda kila mlango wa bahari.

Hebu sasa fikiria nyumba ya mkopeshaji mjini. Ndani yake mna mtoto wa miaka kumi aliyewekwa kwa deni la nafaka ya msimu mmoja. Zamani thamani ya mtoto huyo kwake ilikuwa ile kazi yake na lile deni. Sasa ng'ambo ya mkondo wa Pemba kuna mtu aliye tayari kutoa bei inayolipita deni lile kwa mbali. Mkopeshaji hapati tena faida akilipwa. Anapata faida akikosa kulipwa. Hapa ndipo rehani ilipogeuka, na iligeuka kimyakimya, maana maneno yalibaki yale yale, na mtoto bado alikabidhiwa kwa adabu zile zile, kahawa ikinywewa.

Kisha mvua zikakosekana. Njaa ya 1884 na 1885, ambayo Wamijikenda waliiita Mwakisenge, ilimaliza akiba za ghala na mbegu. Familia zikateremka pwani na walichokuwa nacho. Walipokwisha kuuza mbuzi walitoa watoto, na wengine walijitoa wenyewe. Mvua iliporudi, wapo waliofika mlangoni na nafaka ya kumkomboa mtoto wao wasimkute, kwa kuwa alikuwa ameshavushwa. Zaidi ya miaka kumi baadaye, 1898 hadi 1900, ikaja njaa nyingine, iliyoitwa Magunia kwa sababu ya magunia ya nafaka yaliyoletwa. Watu wakarudi kwenye milango ile ile.

Ndicho ninachotaka tukitazame kwa makini, huku kurudi. Kwa nini mtu aliyeona mtoto wa jirani hakurudi mwaka 1885 akampeleka wake baadaye? Njaa ni jibu la kweli, na mwenye kushiba asilidharau. Lakini kulikuwa na dalili ambazo hata mwenye njaa angeweza kuzishika.

Mkopeshaji aliyekuwa akikubali mbuzi au kazi ya mavuno sasa anataka mtoto tu. Mtu anayekataa mali ya leo na kusisitiza apewe mtu ana hesabu nyingine kichwani. Mtoto aliyekuwa akikaa nyumba inayojulikana, ambako mama anaweza kupita siku ya soko akamwona, sasa anapelekwa kwa "ndugu yetu" wa mji mwingine. Umbali ukiongezeka bila sababu iliyoelezwa, deni limeshabadilika jina. Na lipo jambo la haraka. Aliyekukopesha kwa wema anaweza kungoja hadi kesho kutwa umuulize mjomba mwingine. Asiyeweza kungoja, mwulize anakimbilia jahazi gani.

Unguja na Pemba hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897. Kwetu, kwenye ukanda wa pwani ya Kenya, sheria hiyo ilikuja mwaka 1907. Wengi wetu tunafunga kitabu hapo. Lakini dunia nzima imeonyesha kwamba minyororo ikiondoka, karatasi huingia. Waingereza walipofuta utumwa katika makoloni yao mwaka 1834, mashamba ya miwa ya Mauritius, Trinidad na Guyana yalijazwa Wahindi, wengi wao wakitia alama tu kwenye mikataba wasiyoweza kuisoma. Mwaka 1956 Umoja wa Mataifa uliona haja ya kuandika mkataba wa nyongeza dhidi ya utumwa, na ndani yake ukataja waziwazi mtu kujiweka dhamana ya deni ambalo kazi yake hailipunguzi, na mzazi au mlezi kumkabidhi mtoto kwa mtu mwingine ili atumikishwe. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani ulikuwa umeandikwa Lunga Lunga.

Hapa Kenya karatasi yenyewe tunaijua kwa jina. Ukimwambia mtu wa Kwale atoe kitambulisho, atakuuliza, "Kipande?" Tunalitamka neno hili foleni ya benki na kituo cha kura bila kukumbuka lilikotoka. Sheria ilipitishwa mwaka 1915, na kuanzia 1920 kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 alilazimika kuwa na kipande, akikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Humo mwajiri aliandika siku ulipoanza kazi na mshahara wako, na siku ya kuondoka yeye ndiye aliyetia sahihi ya kukuachilia. Ukiondoka bila sahihi hiyo, umevunja sheria, na mwajiri anayefuata ataona pengo kwenye karatasi. Mfumo huo ulidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Mtu hakuwa mtumwa wa yeyote, ila ruhusa ya kwenda zake ilikuwa mfukoni mwa mwingine.

Au wachukue jirani zetu Wamakonde. Walitoka Msumbiji ya Wareno, wakaletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi. Walikata miwa kizazi baada ya kizazi. Kiwanda cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988 walibaki Makongeni na vijiji vingine bila kazi na bila karatasi ya nchi yoyote. Bila kitambulisho hawakuweza kusajili laini ya simu, kufungua akaunti, wala kusafiri bila hofu ya kizuizi cha polisi. Ilikuwa hivyo hadi Oktoba 2016, mamia yao walipoanza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya, na mapema mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Aliyewaajiri babu zao alihitaji mikono tu, na hakuna aliyejishughulisha kuuliza mwenye mikono atakuwa nani kazi ikiisha. Tuliishi nao, tulinunua vinyago vyao, na sisi pia hatukuuliza.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu.

Wiki ya kwanza alituma sauti ndefu kwa simu, akieleza nyumba ilivyo kubwa na mtoto mdogo anayemwita "Mama". Wiki ya tatu sauti zikawa fupi. Mwezi wa pili zikawa meseji za maneno mawili matatu, na zilikuwa zikiingia saa nane usiku. Nikamuuliza hujambo, akajibu, "Naendelea." Mtoto wa kwetu ukimuuliza hujambo hukwambia sijambo hata akiwa na homa. Nililiona neno lile, nikalipita. Dada yangu aliponiuliza nimelionaje, nikasema, "Amechoka tu, kazi ngeni." Nilisema hivyo kwa sababu jibu lingine lingenilazimu kufanya kitu.

Mwezi wa nne simu yake ilichukuliwa. Mshahara ulikuwa umeingia mara mbili tu. Alitaka kuondoka. Lakini kule mfanyakazi wa nyumbani hakuweza kuondoka nchini bila viza ya kutoka, na aliyeiomba alikuwa mwajiri, ambaye sasa ndiye aliyeshika pasi yake. Aliambiwa kwanza arudishe gharama, zile za ukurasa wa nne. Sasa zilikuwa zimepewa kiasi, nacho kilikuwa zaidi ya mshahara wa mwaka mzima. Alitoroka kwa mlango wa takataka, akalala kwa Wakenya wenzake, wakamchangia tiketi, na baada ya wiki nyingi za kungoja akarudi kwa hati ya dharura. Pasi yake imebaki huko hadi leo.

Sisemi kila anayekwenda hupatwa na haya. Wale wawili wenye mabati mapya walilipwa, na mmoja amerudi mara ya pili kwa hiari yake. Lakini mwaka 2021 Bunge letu lilielezwa kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudia katika muda wa miaka miwili, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, na sababu iliyoandikwa mara nyingi ni moyo kusimama. Wasichana wa miaka ishirini na kitu, mioyo yao imesimama. Kenya ilishawahi kusimamisha safari hizi mwaka 2014 na kuzirudisha baadaye kwa masharti. Saudia nayo ililegeza mwaka 2021 sheria za mdhamini kwa wafanyakazi wengi, ikawaacha nje wa nyumbani. Tulikuwa tukiyasikia redioni, huku tunakoroga chai.

Nimejiuliza mara nyingi ningemwambia nini jioni ile. Kumkataza kwenda nisingeweza, na sidhani ningekuwa na haki, maana sikuwa na kazi ya kumpa. Lakini ningemrudisha kwa ajenti asubuhi bila sahihi, na swali moja: nikitaka kurudi nyumbani Jumatatu, ni nani anaweza kunizuia, na kwa kitu gani? Ajenti mwenye jibu safi angelitoa. Ningetaka pasi irudi mikononi mwake siku hiyo hiyo, na nakala yake ibaki kwa mama yake pamoja na nakala ya mkataba na nambari ya ubalozi. Ningekwenda mwenyewe kuhakikisha kwamba ofisi ile imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, maana nauli ya kwenda kuuliza ni ndogo kuliko tiketi ya kurudi. Na zile "gharama zote" ningetaka ziandikwe kwa tarakimu kabla ya wino. Deni lisilo na kiasi halina siku ya kukombolewa.

Tena tuwasikilize waliorudi. Hili linanisumbua kuliko yote. Mmoja wa wale wasichana wanne alikuwa amesharudi kabla mpwa wangu hajaondoka, akiwa mkimya, akikaa ndani mchana kutwa. Tulisema ana majini. Mama yake alitafuta mganga Kikoneni. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa naye chini ya mwembe akamwambia, "Haya, mwanangu, tueleze ilivyokuwa." Kwa njaa zile mbili nilizozitaja, watu walirudi kwenye mlango ule ule, nasi tumekuwa tukijiuliza darasani walikosa nini. Sasa najua kidogo. Mama mwenye aibu ya mtoto asiyerudi hanyanyui sauti kisimani, na majirani hawapendi kumuuliza.

Mpwa wangu ameanza kuongea. Anauza mahamri na viazi karai karibu na hospitali ya Msambweni, na wasichana wanaotaka kwenda humfuata pale. Huwaambia mazuri na mabaya, bila kumficha mtu. Mwezi uliopita mmoja alimletea mkataba, na mpwa wangu akaufungua moja kwa moja ukurasa wa nne kabla ya kufuta unga mikononi.

Mimi bado ananiita Mjomba, na kila akiniita nasikia mzigo wa jina hilo.

Juzi mkwezi alipita kwa dada yangu, kamba begani na panga kiunoni, kuuliza kama apande. Dada akamwambia ile miwili ya karibu na choo ndiyo yetu, ile mingine amuulize mwenyewe Ukunda, bado miezi minne. Mkwezi akatazama juu, akahesabu nazi zilizokomaa, akaenda zake.